Kila Mtu Anajua, Nani Atasema? Ukatili kwa watu wazima wasioweza kujilinda, Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa

Mtu wa Kyela anaweza kukosa mnada, akakosa mkutano wa kijiji, hata ibada ya Jumapili akaikosa. Msiba hakosi. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya mzee wa Ipinda, Ngonga au Makwale, uliza kwanza alionekana lini mara ya mwisho msibani. Mama aliyezoea kufika mapema na ndizi zake kichwani, ambaye sasa misiba inapita na nyumbani wanajibu kila mara kuwa mwili umechoka kidogo, ni mtu wa kwenda kutazamwa. Huenda ni magoti. Huenda pia amenyimwa nguo za kutokea, amefungiwa mlango kwa nje, au ameonywa kwamba akilalamika mbele za watu atakiona.

Ukatili kwa mtu mzima asiyeweza kujilinda si siri kubwa katika vijiji vyetu. Nyumba zimekaribiana, njia za miguu zinapita katikati ya miji ya watu, na migomba haizuii sauti. Jirani anajua, mjumbe anajua, mzee wa kanisa anajua, wauguzi wa zahanati wanashuku. Anayekosekana ni mtu anayeona kwamba kusema ni kazi yake. Tumezoea kulichukulia suala la kutoa taarifa kama ushujaa wa mtu mmoja mwenye moyo wa chuma, wakati sheria ya nchi imeshalifanya wajibu wa kila mtu, na kwa kiongozi wa kijiji imeongeza wajibu mwingine juu yake. Pengo lililopo kati ya kujua na kusema ndilo linaloua watu.

Tuanze na wanaohusika, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea mapema. Tukisikia neno ukatili, akili inakimbilia kwa mtoto au kwa mke anayepigwa. Wazee wanakuja baadaye, na wengine hawaji kabisa: kijana wa miaka 30 mwenye ulemavu wa akili, mwanamke mwenye kifafa, kipofu, kiziwi, baba aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba akisubiri kuombewa. Wote ni watu wazima. Kinachowaunganisha ni kwamba mkono unaowalisha ndio huohuo unaoweza kuwadhuru, na hawana pa kukimbilia.

Kwa hesabu ya Sensa ya 2022, watu wenye miaka 60 na zaidi, ambao ndio wazee kwa mujibu wa sera yetu, ni karibu asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Lakini Kyela ina mambo yake yanayoongeza uzito. Mkoa wetu wa Mbeya ni wa tatu nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya Njombe na Iringa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 9.6 ya watu wazima wa mkoa huu wana virusi hivyo. Maana yake kuna bibi wengi waliozika watoto wao wakalea wajukuu, na sasa nguvu zikiwaishia wako mikononi mwa vijana waliokua bila kizazi cha katikati. Halafu kuna mito. Bonde la Kiwira, Mbaka na Lufilyo limejulikana kwa muda mrefu kuwa eneo la usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa kwenye maji ya kasi, na watafiti wameuhusisha usubi na kifafa. Mtu mwenye kifafa hapa kwetu bado anaogopwa. Anatengewa sahani, analazwa peke yake karibu na moto, na siku akianguka motoni hakuna anayekuwa na haraka ya kumvuta kwa hofu ya mate yake. Kumlaza hapo kwa kuogopa kuambukizwa ugonjwa usioambukiza ni kumdhuru, hata kama hakuna aliyemnyanyulia fimbo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hupatwa na aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja katika jamii anamoishi, na kwamba ni tukio moja tu kati ya 24 linaloripotiwa. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, pamoja na nchi zenye simu za msaada na maofisa wa ustawi kila mtaa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha daftari la kituo cha polisi lenye kesi chache za wazee na kusema huku kwetu hakuna tatizo, amekuonyesha daftari tu.

Sura za ukatili ni nyingi, na kipigo ndicho chepesi kukitambua. Ubakaji wa wanawake wenye ulemavu wa akili hugundulika tumbo likishaonekana, kisha wazee wa pande mbili hukaa na kulimaliza kwa ng'ombe. Kosa hilo halina hadhi ya kumalizwa kwa ng'ombe, na anayekaa kikao hicho anashiriki kulificha. Nitakaa zaidi kwenye mali, kwa sababu hapo ndipo mambo ya Kyela yanapojifunga fundo.

Ardhi ya bondeni ni ndogo na watu ni wengi. Mpunga unalimwa na kuvunwa, lakini mkakao ukishapandwa unakaa miongo. Bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, shamba ambalo mama mjane alilipanda taratibu na mumewe, ambalo kwa miaka mingi lilimpatia pesa ya chumvi na sabuni, liligeuka ghafla kuwa kitu cha kugombaniwa. Kakao inauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo hupitia jina na akaunti. Basi tazama majina. Mzigo unaotoka shamba la bibi umeanza kupimwa kwa jina la mtoto wa shemeji yake tangu lini? Nani alileta karatasi ile aliyowekea dole gumba, na nani alimsomea kilichoandikwa? Makarani wa AMCOS wanayaona haya kabla ya polisi na kabla ya mchungaji, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wanachokiona ni dalili.

Fedha za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni hivyohivyo kwa kiwango kidogo. Kaya inalipwa kwa sababu ya mzee, simu iko kwa mjukuu, namba ya siri anaijua mjukuu, na siku ya malipo mzee anapewa kipande cha sabuni. Watu huita hilo kusaidiana. Ni wizi, na ubaya wake unazidi kwa kuwa mzee hawezi hata kuuona.

Mjane ana mzigo wa ziada. Tamko la sheria za kimila la 1963 liliandikwa kwa namna inayomwacha mke nje ya urithi wa mumewe akitegemea watoto wake, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, kwamba hali hiyo inakiuka haki zao. Kijijini mambo hayaendi kwa vifungu. Mjane akikataa kuondoka shambani, kuna njia ya zamani ya kumwondoa: mtoto fulani aumwe, mtu fulani afe ghafla, na jina lake litajwe.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya 2009, kilitaja wanawake wazee 2,585 waliouawa katika mikoa minane kati ya 2004 na 2009 kwa tuhuma za uchawi. Mwanza, Shinyanga na Tabora ndiyo iliyoongoza, na hiyo ndiyo mikoa tunayopenda kuinyooshea kidole. Mbeya, wakati huo ikiwa bado na Songwe ndani yake, ilikuwa na vifo 192. Tangu hapo Nyanda za Juu Kusini zimepitiwa na makundi ya waganga wanaoitwa lambalamba, wanaoalikwa kijijini, wanachangiwa fedha, kisha wanapita nyumba kwa nyumba "kutoa" uchawi. Anayetajwa mara nyingi ni mtu asiye na mtetezi. Kilifi, pwani ya Kenya, wanalijua hili vizuri: wazee wameuawa kwa jina la uchawi huku ugomvi wenyewe ukiwa wa ardhi, na huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimewapokea wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa. Tuhuma ya uchawi dhidi ya mtu dhaifu inapaswa kuhesabiwa kuwa hatari ya maisha siku ileile inapotamkwa. Huo si uvumi wa kusubiri upoe. Na Sheria yetu ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, haitusaidii sana, kwani bado inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa, kana kwamba yeye ndiye tatizo.

Kuna watakaosema kwamba zamani hapa kwetu Unyakyusa mambo hayakuwa hivi. Hapa inafaa twende polepole. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa umri wa karibu miaka kumi walivyotoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao cha rika, wakaoa na kuzeeka pamoja. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kumtenga baba mkwe na mke wa mwanawe. Mkwe hakutakiwa kumtazama baba wa mume wala kukutana naye njiani. Kwa mpango huo mzee alikuwa amezungukwa na watu wa rika lake, na aliyepotea machoni pao aliulizwa. Lakini Wilson huyohuyo aliandika kuhusu umwafi, kinywaji cha kumpima anayeshukiwa uchawi, na kuhusu watu waliolazimika kuhama kwa sababu majirani wamewachukia. Kijiji cha rika kilikuwa na macho mengi, na macho hayo yaliweza kukulinda au kukufukuza.

Vijiji vya rika vimekwisha. Sasa vizazi vitatu vinaishi mji mmoja kwa sababu ardhi haitoshi, ila heshima ya mkwe na baba mkwe haijafa katika kila nyumba. Chukua mzee mjane aliyepooza, ambaye mwanawe yuko Tunduma au Dar es Salaam akitafuta riziki, na nyumbani amebaki mke wa mwana na watoto wadogo. Nani atamwosha? Nani atamgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia? Majirani wakiingia wakamkuta kwenye mkojo, watasema mkwe huyu ni katili. Mzee ametelekezwa kweli, mwili wake unashuhudia, lakini mwanamke yule amewekwa mahali ambapo akimgusa anavunja heshima na asipomgusa anavunja sheria. Kumpeleka polisi hakumwoshi mzee. Kinachohitajika ni mjukuu wa kiume aliyekua, au mtoto wa ndugu yake, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike mara kwa mara na kuwafundisha. Ofisa ustawi wa jamii aliyetoka mkoa mwingine hawezi kulijua hili asipouliza, na sisi wenyeji hatulisemi kwa aibu. Tulisemeni.

Hapo linazuka swali gumu la kutenganisha umaskini na utelekezaji. Nyumba nzima ikila mlo mmoja, mzee akila mlo mmoja si ukatili. Nyumba ikila wali na samaki huku mzee akipewa ukoko, ni ukatili hata kama chakula chenyewe ni kidogo. Linganisha alivyo yeye na walivyo wenzake wa nyumba ileile: nguo, kitanda, chandarua, safari za zahanati. Tofauti hiyo hugundulika kwa ziara moja tu ya kukaa na kuzungumza, bila cheti chochote.

Dalili za mwilini zinajulikana, nazitaja upesi: michubuko yenye rangi tofauti inayoonyesha kwamba ilitokea siku tofauti, alama za kamba mikononi na miguuni, vidonda vya kulalia vinavyonuka, kukonda kusikoelezeka, dawa za presha au za kifafa ambazo zimejaa kwenye kopo wakati zilipaswa kuwa zimekwisha. Majeraha ya moto yanahitaji uangalifu. Mwenye kifafa huungua kwa kuanguka, na si haki kumrukia mlezi wake. Lakini aliyeungua mara mbili mahali palepale nyumbani bila mtu kubadilisha jiko wala mahali pa kulala, ameachwa aungue. Sikiliza pia maelezo. Mlezi anayesema leo aliteleza bafuni na kesho aligongwa na mbuzi hana maelezo. Na mlezi asiyekubali hata kidogo mgonjwa azungumze peke yake na nesi amekwisha kukuambia kitu.

Ukipata nafasi ya kuzungumza naye, zungumza kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mzee wa Kikisi kule Ikombe, ambako ufinyanzi ndio kazi ya akina mama tangu enzi, hatakueleza maumivu yake kwa Kiswahili cha ofisini. Msalimu kama mama yako, kaa chini, usimuulize kama ananyanyaswa. Muulize analala wapi, nani anampikia, nani anashika simu yake, anapoumwa nani anampeleka, na kama kuna mtu anayemwogopa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa maana huenda ukalazimika kusema. Ukirudi nyumbani andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Kwa kiziwi mtafute mkalimani wa lugha ya alama asiye wa nyumba ile. Mara nyingi anayejitolea kutafsiri mbele ya polisi ni ndugu yuleyule anayelalamikiwa.

Sasa swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtoto akiumizwa hatumwombi ruhusa ya kumtetea, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Mtu mzima ana kauli yake. Bibi aliyevunjwa mkono anaweza kukutazama usoni na kukukatalia: huyo ni mwanawe, akifungwa nani atamzika? Katika nchi ambayo kaburi la mtu lipo ubavuni mwa nyumba yake na mwana ndiye anayetupa udongo wa kwanza, hofu hiyo si upuuzi. Wanaomwambia "bibi, usiogope, tutamkamata" hawajamsikia.

Naona mambo mawili ya kupima. La kwanza, je, anaelewa hali yake na matokeo ya anachokichagua? Kuzeeka si kupoteza akili, wala kifafa, wala upofu. La pili, je, yuko huru kuchagua? Jibu lililotolewa mlezi akiwa amesimama mlangoni halihesabiki, na linapaswa kuulizwa upya mahali pengine: zahanati, kanisani, nyumbani kwa dada yake. Kama anaelewa na yuko huru, na maisha yake hayamo hatarini, heshimu neno lake lakini usiondoke. Kuna mengi yanayoweza kufanyika bila pingu. Namba ya siri ya TASAF inaweza kubadilishwa, kikao cha ukoo kinaweza kuitishwa mbele ya ofisa ustawi wa jamii, mlezi mwingine anaweza kupatikana, na binti aliyechoka kwa kulea peke yake miaka nenda rudi anaweza kupokewa zamu. Wapo wanaoumiza kwa uchovu. Kwao msaada ukifika mapema huzuia kesi. Lakini pale ambapo damu imemwagika, mtu amebakwa, ametajwa uchawi, au hana uwezo wa kuelewa, kusubiri ridhaa yake ni kumwacha afe kwa adabu.

Sheria inasema nini hasa? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamtaka kila anayejua kwamba kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu limetendeka au linakusudiwa kutendeka, atoe taarifa mara moja kwa ofisa wa polisi au kwa mtu mwenye mamlaka mahali hapo, na huyo mwenye mamlaka aifikishe kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Vifo vya ghafla na vya mashaka vimo pia, jambo linalotugusa sisi tunaozika haraka na kuuliza baadaye. Kifungu hichohicho kinamkinga mtoa taarifa asidaiwe fidia kwa taarifa aliyoitoa. Kanuni ya Adhabu yenyewe, Sura ya 16, inamwekea wajibu yeyote aliye na mtu mikononi mwake asiyeweza kujitegemea kwa sababu ya umri, ugonjwa au akili kutokuwa timamu, ampatie mahitaji ya lazima ya uhai. Kumnyima mzee chakula mpaka afe kunaweza kumfikisha mtu mahakamani kama alivyofikishwa aliyetumia panga.

Ukikiunganisha kifungu hicho na maisha ya kijiji utaona mnyororo unakatikia wapi. Jirani anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti ni binamu wa mtuhumiwa, au anatafuta kura zake. Anasema, "Hayo ni ya nyumbani, kayamalizeni nyumbani." Hakuna kilichoandikwa, na wiki mbili baadaye mtoa taarifa anajulikana kijiji kizima kuwa mchonganishi. Kiongozi huyo ndiye mwenye mamlaka mahali hapo anayesemwa na sheria, na hakupewa uchaguzi wa kupeleka au kutopeleka. Kumwambia mtu arudi nyumbani akayamalize ni kuacha kazi yake.

Kasoro ya pili iko kwenye milango yenyewe ya kupelekea taarifa. Serikali imefanya kazi kubwa, na ni haki kuisema. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mpango wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulianza 2017 na una kamati hadi vijijini. Lakini jina lake kamili linamalizia kwa maneno wanawake na watoto. Kuna kamati za watu wenye ulemavu chini ya sheria ya 2010, kuna mabaraza ya wazee, kuna sheria ya afya ya akili ya 2008. Kila kundi lina mlango wake, na baba wa miaka 80 anayepigwa na mwanawe, au kijana wa kiume mwenye ulemavu wa akili anayefanyishwa kazi bila ujira, anasimama nje asijue abishe wapi. Uingereza, kwa sheria yao ya matunzo ya 2014, halmashauri inalazimika kuchunguza pale inaposhuku kwamba mtu mzima anahitaji matunzo, yuko hatarini, na kwa sababu ya hali yake hawezi kujilinda. Hawaulizi jinsia wala umri. Hatuhitaji kuiga utajiri wao ili tuige swali hilo.

Umbali nao una neno lake. Barabara ya lami kutoka Kikusya kupita Ipinda hadi Matema imesogeza mengi, lakini Ikombe bado ni kupanda mtumbwi. Ukiendelea na ufukwe chini ya milima ya Livingstone unafika Lumbila, ambako maisha ya watu yanategemea Matema na bandari ya Itungi, lakini mashitaka yao yanakwenda Ludewa, mkoa wa Njombe. Magharibi kuna Kasumulu na daraja la Songwe. Ndugu wako pande zote mbili, na aliyemdhuru baba yake asubuhi anaweza kulala Karonga. Makazi ya wazee ya serikali kama Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro au Kolandoto ya Shinyanga yako mbali mno kumfaa mtu anayehitaji kulala salama leo usiku. Kwa sasa makanisa, Moravian, KKKT, Katoliki na Pentekoste, ndiyo yenye vyumba na watu karibu. Kanisa linaloweza kumpokea mgeni wa mkutano wa injili linaweza kumpokea mzee aliyefukuzwa kwa siku tatu.

Nini kifanyike, basi? Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Uwe na ajenda ya kudumu ya watu wazima wanaotegemea wengine: ni akina nani, wako kwa nani, nani amewaona. Ofisi ya mtendaji wa kijiji iwe na daftari la taarifa hizo lenye tarehe na saini, ili kunyamaza kuwe na jina la mtu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, wanaingia majumbani tayari. Waongezewe maswali machache ya kuuliza na namba ya ofisa ustawi wa jamii ya kupiga. Makarani wa AMCOS na wawezeshaji wa TASAF wafundishwe kutilia shaka dole gumba. Zanzibar ilitunga sheria ya mambo ya wazee mwaka 2020, na tangu Aprili 2016 inawalipa pensheni wote waliofikisha miaka 70. Bara tumekuwa na sera tangu 2003, na sera haimshitaki mtu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, ukiwa Kyela au mbali nayo, yumkini kuna mtu mmoja uliyemfikiria. Nenda ukamwone, au mtume unayemwamini. Akiwa ameumia, hospitali kwanza. Fomu ya PF3 ya polisi ifuatie, na asioge wala kufua nguo kama amebakwa. Andika ulichokiona, umpelekee mtendaji wa kijiji nakala mbili, akusainie moja ubaki nayo. Asipochukua hatua, nenda kituo cha polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kama mtu yuko hatarini saa hiyohiyo, piga 112 bila kumsubiri mtendaji.